Kabla hujakubali kufomati diski, ijue kompyuta kongwe kuliko zote

MWEZI mpevu unapong'aa juu ya Ziwa Victoria, mitumbwi ya dagaa hupumzika. Taa za wavuvi hazifui dafu mbele ya mbalamwezi, dagaa hawakusanyiki, na kwa siku kadhaa wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Kwa wafanyabiashara wa Mkuyuni, kata iliyo kando ya barabara itokayo katikati ya Jiji la Mwanza kwenda Nyegezi, hicho ndicho kipindi cha kukaa chini na kupiga hesabu za giza lililopita. Nani amechukua mzigo kwa mkopo, gunia ngapi zimekwenda Kahama na Shinyanga, mwenye mtumbwi anadai kiasi gani, na wabangua mabega wa Mwaloni Kirumba wamelipwa au bado.

Zamani hesabu hizo zilikaa kwenye kaunta buku. Leo nyingi zimo ndani ya kompyuta, na hapo ndipo safari yake inapokuwa ndefu. Faili huanza katika kompyuta ya mezani ya dukani, likapelekwa kwa mhasibu wa kukodi mwenye laptopu, kisha kwa steshenari kuchapishwa, na mara nyingine kwa kijana anayesanifu lebo za dagaa wa paketi. Kompyuta nne, kila moja ya umri wake, na katikati yake kuna diski moja ya nje inayobebwa ndani ya mfuko wa rambo.

Siku moja diski hiyo huchomekwa kwenye kompyuta ya zamani na maandishi hutokea kwenye kioo yakisema kuwa diski haijafomatiwa, na kuuliza kama mtumiaji angependa kuifomati sasa. Kijana wa steshenari humgeukia mwenye mali na kusema, "Mama, inataka kufomatiwa." Mama hujibu kuwa kama inataka, basi ifanyiwe. Sekunde chache baadaye diski ni tupu, na hesabu za miaka mitatu hazionekani tena.

Swali lile lina udanganyifu ndani yake, ingawa halikukusudiwa hivyo. Kompyuta haikusema kuwa diski ni tupu. Ilichotakiwa kusema ni kwamba yenyewe, kwa uzee wake, haiwezi kusoma namna diski ile ilivyopangwa. Diski hiyo hiyo ikirudishwa kwenye kompyuta iliyoandika mafaili hayo, yote yatakuwapo. Kwa hiyo jibu sahihi la swali lile, karibu kila mara, ni kukataa, kuchomoa diski kwa utaratibu, na kuijaribu kwanza katika kompyuta nyingine.

Ghala na karani wake

Kufomati ni kupanga ghala. Diski mpya ni jengo tupu, na kabla ya kuweka gunia la kwanza lazima kuwe na mistari sakafuni, namba za safu, na daftari la karani linaloonyesha gunia gani liko wapi. Mpangilio huo ndio uitwao mfumo wa mafaili. Kompyuta ikichomekwa diski, kitu cha kwanza inachokitafuta ni daftari la karani. Ikilikuta limeandikwa kwa lugha isiyoifahamu, inadhani hakuna daftari, na hapo ndipo inapojitolea kuandika jipya.

Kuandika daftari jipya kunalifuta la zamani. Magunia huenda bado yapo sakafuni, lakini hakuna anayejua ni ya nani, na mzigo mwingine ukiletwa utapangwa juu yake. Hiyo ndiyo maana ya ule ufomati wa haraka ambao kompyuta hupendekeza. Ufomati kamili ni jambo jingine. Katika Windows XP ulikagua tu kama sakafu ina mashimo, lakini kuanzia Windows Vista ufomati kamili huandika sifuri diski nzima, yaani huchoma magunia yote. Tofauti hiyo ina uzito kwa mtu aliyefomati kwa bahati mbaya. Aliyefanya ule wa haraka, kama hakuweka faili lolote jipya baada ya hapo, ana nafasi nzuri ya kusaidiwa na fundi mwenye programu ya kurejesha mafaili. Aliyefanya ule kamili katika kompyuta ya miaka ya karibuni asitarajie kitu.

Kwa nini kompyuta kongwe bado zipo

Mtu wa ofisini anaweza kushangaa kwa nini kompyuta yenye Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, bado inafanya kazi dukani. Sababu ni za kiuchumi. Kompyuta za mtumba huuzwa bei ambayo mwenye duka anaweza kuimudu. Printa iliyonunuliwa zamani na ambayo bado inachapa vizuri inaweza isikubali kufanya kazi na Windows mpya. Programu ya stoo aliyowekewa na fundi miaka mingi iliyopita inaendelea kumfaa. Kubadilisha kompyuta ni kubadilisha vyote hivyo kwa pamoja, na mtaji huo afadhali ununue dagaa.

Intaneti nayo haimalizi tatizo. Faili dogo la hesabu linaweza kutumwa kwa simu bila taabu, lakini picha za lebo, video za mafunzo ya ufugaji wa samaki kwenye vizimba, au kumbukumbu za miaka kumi za chama cha ushirika hula bando. Tena kompyuta ya XP haipaswi kuunganishwa na intaneti kabisa, kwa kuwa Microsoft iliacha kuipelekea marekebisho ya usalama tangu Aprili 8, 2014. Windows 7 ilifuata Januari 14, 2020, na Windows 10 Oktoba 14, 2025. Kwa mizigo ya namna hii diski ya mkononi bado ina nafasi yake. Tangu Daraja la JP Magufuli la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lilipofunguliwa Juni 2025, katibu wa chama anayetoka Sengerema na diski mfukoni hasubiri tena kivuko.

Lugha tatu za daftari

Mifumo ya mafaili ni mingi, lakini mkulima au mfanyabiashara anahitaji kuijua mitatu tu. Majina yake huonekana kwenye kioo wakati wa kufomati, hivyo ni vizuri kuyakariri kama yalivyo.

Wa kwanza ni FAT32, uliokuja mwaka 1996 na matoleo ya baadaye ya Windows 95. Huu ndio Kiswahili cha sokoni, kila mtu anausikia. Windows XP, Windows mpya, Mac, Linux, na mara nyingi hata redio na ving'amuzi vyenye tundu la USB, vyote vinausoma na vingi vinauandika. Una kasoro mbili. Hauwezi kupokea faili moja lenye ukubwa wa gigabaiti 4 au zaidi. Kwa hesabu hilo si tatizo, lakini video ndefu ya harusi itakataliwa, na kompyuta itamwambia mwenyewe kuwa diski imejaa au faili ni kubwa mno hata kama kuna nafasi tele. Kasoro ya pili ni kuwa FAT32 haitunzi kumbukumbu ya kazi inayoendelea. Umeme ukikatika wakati faili linaandikwa, au mtu akichomoa diski kwa pupa, daftari la karani linaweza kubaki limeandikwa nusu. Kwa mji ambao umeme hukatika bila taarifa, kasoro hii ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, japo mafundi wengi huizungumzia ile ya kwanza tu.

Wa pili ni NTFS. Huu ndio mfumo wa Windows yenyewe tangu enzi za Windows NT, na XP inausoma na kuuandika bila shida. Unapokea mafaili makubwa, na unatunza kumbukumbu ya kile ulichokuwa ukikifanya, hivyo umeme ukirudi una uwezo mkubwa wa kujiweka sawa. Tatizo lake liko kwa Mac. Kompyuta ya Mac husoma diski ya NTFS lakini, bila kuongezewa programu, haiwezi kuandika kitu ndani yake. Msanifu wa lebo ataifungua lebo ya zamani, ataipenda, ataibadilisha, kisha atashindwa kuirudisha kwenye diski. Wengine hapo hapo huamua kuifomati upya ili iandikike, na mwenye duka hujua habari hiyo jioni.

Wa tatu ni exFAT, ambao Microsoft iliutoa mwaka 2006 ukilenga zaidi flashi na kadi za kamera. Diski kadhaa zinazouzwa leo hutoka kiwandani zikiwa na mfumo huu. Unapokea mafaili makubwa, na Windows 7 na zilizofuata huusoma na kuuandika. Mac nazo zimeukubali tangu toleo la 10.6.5 la mwaka 2010. Linux iliuingiza katika kiini chake mwaka 2019, na kabla ya hapo ilibidi kuongeza programu. Kwa kompyuta mpya ni mfumo mzuri wa kushirikiana. Lakini Windows XP haiujui mpaka iwekewe nyongeza maalumu iliyotolewa mwaka 2009, na kompyuta nyingi za mtumba hazina nyongeza hiyo. Chomeka diski ya exFAT kwenye XP ya namna hiyo na litatokea lile lile swali: haijafomatiwa, ungependa kuifomati sasa?

Basi asili ya balaa nyingi ni hiyo. Mwenye duka ananunua diski mpya, mhasibu anaijaza hesabu kwa laptopu yake ya kisasa, na kompyuta kongwe ya mwisho katika msururu inaiona kama diski tupu.

Nani ni mzee katika msururu

Kazi ya kwanza, kabla ya kugusa diski, ni kuandika kwenye karatasi kila kompyuta ambayo diski hiyo itapita. Ya dukani ina Windows gani? Ya mhasibu? Ya steshenari? Kuna Mac njiani? Diski inafomatiwa kwa kufuata iliyo kongwe na isiyojua lugha nyingi. Ile mpya itajifanyia yenyewe.

Kama zote ni Windows, kuanzia XP na kuendelea, NTFS ndio chaguo la busara kwa sababu ya umeme. Kama hakuna XP wala Vista hata moja lakini kuna Mac, exFAT inatosha. Ugumu uko pale ambapo XP na Mac zote zimo katika msururu mmoja, na hilo si jambo la ajabu Mwanza. Hapo FAT32 pekee ndio inayozungumza na wote bila kuongezwa kitu.

Lakini hapo kuna kizingiti. Ukimwambia Windows XP, au hata Windows 10, ifomati diski ya gigabaiti 500 kwa FAT32 kwa njia ya kawaida, haitakubali, na mara nyingi jina FAT32 halionekani kabisa kwenye orodha. Windows hizo zimewekewa ukomo wa gigabaiti 32 katika kufomati kwa mfumo huo. Huo ni uamuzi wa waliotengeneza kifaa cha kufomati, wala si udhaifu wa FAT32, kwani diski kubwa iliyofomatiwa hivyo kwa Mac au kwa programu nyingine husomwa na Windows bila malalamiko.

Kwa mfanyabiashara, ukomo huo unaweza kugeuzwa kuwa faida. Diski igawanywe vyumba viwili. Cha kwanza kiwe kidogo, megabaiti 32,000, na kifomatiwe kwa FAT32. Hiki ni chumba cha safari, mahali pa kupitishia mafaili yanayokwenda na kurudi. Chumba cha pili kichukue nafasi yote iliyobaki na kifomatiwe kwa NTFS. Humo ndimo kumbukumbu za kudumu zikae, na ziguswe na kompyuta za Windows pekee. Je, chumba cha kwanza kitatosha? Faili la hesabu za mwezi mmoja likiwa na megabaiti 1, ambayo ni kubwa kwa duka la kawaida, miaka kumi itachukua megabaiti 120. Nafasi inayobaki ni ya kupangisha.

Kugawa vyumba

Kazi hii ifanyike kwenye laptopu iliyo mpya zaidi, yenye betri iliyojaa ili umeme ukikatika isizimike katikati. Mafaili yote yaliyomo kwenye diski yanakiliwe kwanza mahali pengine, na mtu afungue matatu au manne ya nakala hizo kuhakikisha yanafunguka. Hatua hii huonekana ya kupoteza muda, na wengi huiruka.

Flashi na diski nyingine zote zichomolewe ili ibaki moja tu inayofanyiwa kazi. Katika Windows 10 na 11, kitufe cha kulia cha kipanya kikibonyezwa juu ya alama ya Start, orodha hutokea yenye maneno Disk Management. Humo diski huonyeshwa kwa mistari. Ile ya ndani ya kompyuta kwa kawaida ni namba 0, nayo isiguswe. Ya nje ni namba 1 au zaidi, na njia ya kuithibitisha ni kuangalia ukubwa wake.

Kabla ya kugawa, bonyeza jina la diski upande wa kushoto kwa kitufe cha kulia, kisha fungua Properties na sehemu ya Volumes. Huko kuna herufi tatu ambazo mafundi wengi huzisahau, MBR au GPT. Hizi zinaeleza namna orodha ya vyumba ilivyoandikwa mwanzoni mwa diski. Windows XP ya kawaida inaielewa MBR tu. Diski ikiwa na GPT, hata vyumba vyake vikifomatiwa kwa FAT32, XP haitaviona. MBR nayo haivuki terabaiti 2 katika diski za kawaida, na kwa sababu hiyo diski kubwa kuliko hapo hutoka na GPT. Mwenye kompyuta kongwe asivutwe na ukubwa anapokwenda kununua. Terabaiti 1 inamtosha na kumzidi.

Kama ni GPT, vyumba vilivyopo hufutwa kwanza, kisha jina la diski hubonyezwa tena kwa kitufe cha kulia na kuchaguliwa kubadili kuwa MBR. Baada ya hapo nafasi iliyo wazi hubonyezwa, chumba kipya hutengenezwa kwa kutaja megabaiti 32,000, FAT32 huchaguliwa, na chumba hupewa jina, tuseme SAFARI. Nafasi iliyobaki hupewa NTFS na jina KUMBUKUMBU. Majina haya yanasaidia kuliko inavyodhaniwa, maana kijana wa steshenari akiona neno KUMBUKUMBU atasita kidogo kabla ya kubonyeza.

Kisha diski ipelekwe kwenye kila kompyuta iliyoandikwa kwenye karatasi, ikiwa bado tupu. Katika kila moja liandikwe faili dogo la majaribio na lifunguliwe kwenye inayofuata. Msanifu mwenye Mac ataacha nyuma vijifaili vyenye majina yanayoanza kwa nukta. Si virusi na havidhuru.

Umeme mdogo, virusi, na saa iliyosimama

Diski inaweza kuwa imefomatiwa vizuri na bado ikagoma. Tundu la USB 2.0 limeruhusiwa kutoa umeme wa miliampea 500, na diski yenye sahani inayozunguka huhitaji nguvu zaidi inapoanza kuamka. Kwenye kompyuta ya zamani, hasa matundu ya mbele ambayo waya wake ni mrefu na mwembamba, diski hutoa mlio wa tik-tik kisha ikanyamaza. Wengi hudhani imekufa. Ijaribiwe kwanza kwenye tundu la nyuma, au kwa waya wenye vichwa viwili unaochota umeme matundu mawili kwa pamoja. Ikiendelea kulia hivyo kwenye kompyuta mpya pia, hapo kweli ni mgonjwa, na mafaili yahamishwe siku hiyo hiyo.

Kasi nayo ni suala la umri. USB 2.0 hupitisha kwa kawaida kama megabaiti 30 kwa sekunde, hivyo gigabaiti 20 humalizika kwa dakika zipatazo 11. Kompyuta iliyotangulia hiyo, yenye USB 1.1, hupitisha kama megabaiti 1 kwa sekunde, na mzigo huo huo utachukua zaidi ya saa tano. Mtu asiyejua hilo hufika saa ya pili, akaamini kuwa kompyuta imeganda, akachomoa.

Virusi vya flashi vinafahamika na kila aliyewahi kuingia steshenari. Folda hugeuka kuwa njia za mkato, au faili linaloitwa hesabu linakuwa programu. Kirusi Conficker kilichoibuka mwishoni mwa mwaka 2008 kilisambaa kwa njia hiyo pia, kikitumia tabia ya Windows za wakati ule kufungua chochote kilichochomekwa bila kuulizwa. XP isiyo na marekebisho bado ina tabia hiyo. Baada ya diski kutoka steshenari, ipite kwanza kwenye laptopu yenye kinga ya virusi iliyo hai ndipo irudi dukani. Aidha, steshenari ipelekewe flashi yenye faili moja tu la kuchapishwa, si diski yenye maisha ya duka zima. Hakuna mtu anayempelekea mpiga chapa sanduku lake la fedha ili achukue noti moja.

Lipo jambo jingine dogo lenye madhara makubwa. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri ya mviringo kama shilingi inayotunza saa wakati imezimwa. Katika kompyuta kongwe betri hiyo huwa imekwisha, na kila ikiwashwa hurudi mwaka 2002 au mwingine wa nyuma. Faili lililohifadhiwa leo litaandikwa tarehe ya mwaka huo. Mhasibu akilinganisha mafaili mawili yenye jina moja, ataliona la leo kuwa la zamani na kulifutilia mbali. Betri mpya huondoa tatizo, lakini hata kabla yake tarehe iandikwe ndani ya jina la faili kwa kuanza na mwaka, mfano "2025-11-20 dagaa mikopo", ili mafaili yajipange yenyewe.

Na faili lenyewe lazima lifunguke. Jedwali lililohifadhiwa kwa Excel ya 2007 au ya baadaye, lenye herufi xlsx mwishoni, halifunguki kwenye Excel 2003 isiyo na nyongeza. Mhasibu aombwe kulihifadhi kwa mtindo wa zamani wa xls, ambao una mistari 65,536 kwa kila ukurasa. Duka la Mkuyuni litakalojaza mistari hiyo kwa giza moja litakuwa limeshapata fedha za kompyuta mpya.

Thamani ya nakala ya pili

Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walijifunza mapema thamani ya kuwa na kumbukumbu yao wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Paul Bomani na wenzake walisimamia upimaji wa pamba ulio huru ili mkulima aweze kubishana na mzani wa mnunuzi, na vuguvugu hilo likazaa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria mwaka 1955. Nguvu ya mkulima ilikuwa katika kuwa na namba ya pili ya kulinganisha na ile ya mnunuzi.

Hesabu za diski zinafuata kanuni hiyo. Tuseme mfanyabiashara ana wateja 30 waliochukua dagaa kwa mkopo, kila mmoja akidaiwa wastani wa sh 120,000. Mali iliyo nje ni sh 3,600,000. Orodha ikipotea, wateja waaminifu watalipa bila kuonyeshwa karatasi. Lakini robo yao wakikumbuka kiasi kidogo kuliko walichochukua, au wasikumbuke kabisa, kinachopotea ni hadi sh 900,000, mbali na urafiki unaovunjika katika kubishana. Flashi ya gigabaiti 16 ya kuhifadhia nakala haifiki hata sehemu ya kumi ya hasara hiyo. Ikae nyumbani, si kwenye droo moja na diski, kwa sababu moto na mwizi havichagui.

Mamlaka ya kodi nayo ina neno lake. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa muda usiopungua miaka mitano. Kusema kuwa diski ilifomatiwa hakumwondolei wajibu huo.

Inabaki diski ya zamani iliyokwisha kazi, ambayo fundi wa mtaani yuko tayari kuinunua. Wenye diski wengi huifomati haraka na kuiuza, wakiamini kuwa imesafishwa. Kama ilivyoelezwa, magunia bado yako sakafuni. Aliyeinunua akiwa na programu ya kurejesha mafaili anaweza kupata namba za simu za wateja, kiasi wanachodaiwa, na, kwa diski ya steshenari, picha za vitambulisho vya taifa na vyeti vya watu wasiomfahamu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamgusa anayekusanya na kutunza taarifa kama hizo. Diski ya kuuzwa ifanyiwe ufomati kamili kwenye Windows mpya, ikiachwa usiku kucha kama ni kubwa. Iliyokufa isiyosomeka kabisa haiuzwi. Hufunguliwa, na sahani zake hupigwa nyundo.